Kiingereza Kinadaiwa Sukari

Wataalamu wa lugha wana msamiati wa kuudhi. Neno likihama kutoka lugha moja kwenda nyingine wanaliita neno la mkopo. Mimi ni mwenye duka hapa Majimoto, Halmashauri ya Mpimbwe, Mkoa wa Katavi, na kuhusu mkopo sihitaji kufundishwa na mtu. Mkopo una jina la mkopaji, una kiasi, una tarehe, na una siku ya kulipa ambayo ikifika mkopaji hupitia uchochoro wa nyuma ili macho yetu yasikutane. Kiingereza kilichukua neno safari kutoka kwetu zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kimerudisha lini? Sisi nasi tulichukua baiskeli, shati na soksi. Nani ametuletea barua ya madai? Kuchukua kitu bila siku ya kurudisha, dukani kwangu kuna jina lingine, na polisi wanalijua.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nimegundua kanuni moja ya biashara ambayo hawaifundishi chuoni: deni likipanda, Kiingereza nacho kinapanda. Mtu asiye na deni hunisalimu "Shikamoo mzee", ananunua kiberiti, anaondoka. Yule aliyebeba sukari, sabuni na mafuta ya kula tangu mpunga ukiwa kitaluni, akiahidi kulipa ukivunwa, huja mikono mfukoni: "Mzee, niko bize kidogo, kuna dili nalifuatilia, likitiki nakucheki." Hapo najua hata mavuno yajayo sitaiona hela yangu.

Zamani maneno hayo yalinipita. Siku hizi hayanipiti, kwa sababu ya kamusi. Nayo iliingia dukani kwa njia ya deni. Mwalimu mmoja wa sekondari, mtu mpole mwenye kupenda chai yenye sukari nyingi, alihamishiwa mkoa mwingine kabla mshahara haujatoka. Akaniachia kamusi nene ya Kiingereza, ile inayoeleza kila neno lilizaliwa wapi na lililelewa na nani. "Mzee, shika hii kama rehani, nitaifuata." Hajaifuata. Nimejaribu kuiuza. Majimoto ukitangaza unauza pawatila, adhuhuri haifiki hujapata mnunuzi. Kamusi haina mteja. Hata mama wa maandazi aliipekua akasema karatasi zake nyembamba, zitapitisha mafuta. Nimebaki nayo mwenyewe, naisoma usiku kwa taa ya sola, kwa Kiingereza changu cha ukarani wa chama cha msingi, na tangu hapo sina raha. Mteja akifungua kinywa mimi naona ukoo mzima wa neno lake umesimama nyuma yake.

Chukua hilo la "nakucheki". Limetokana na mchezo wa sataranji, na mzizi wake ni neno la Kiajemi shah, yaani mfalme. Mchezaji alimtahadharisha mwenzake kwamba mfalme wake yuko hatarini; kutoka hapo likapita kwa Wafaransa, likawa kuzuia, likawa kukagua, likafika Majimoto likiwa ahadi ya mdaiwa. Kwa hiyo kijana anaponiambia atanicheki, asili ya maneno yake ni kwamba mfalme wangu yuko taabani. Namkubalia. Mfalme wangu ni faida, na hali yake si nzuri.

Au keshi. Nilibandika tangazo mlangoni: LEO KESHI, KESHO MKOPO. Kila duka la Tanzania limewahi kuwa nalo na halijawahi kumzuia mkopaji hata mmoja. Kumbe keshi hapo mwanzo haikuwa fedha. Lilikuwa sanduku la kuwekea fedha. Neno lilitoka Kilatini, likapita Italia na Ufaransa, na njia nyingine ya ukoo huohuo ilipita kwa Wareno ikatuletea kasha. Kasha na keshi ni ndugu. Mimi kasha ninalo, la mbao, lina kufuli. Ndugu yake ndiye haonekani.

Benki je? Nilipofika ukurasa wake nilicheka peke yangu hadi mama watoto akauliza kama nimeshikwa na homa. Limetokana na Kiitaliano banca, yaani benchi. Wabadilisha fedha wa miji ya Italia walikaa sokoni, benchi mbele yao, sarafu juu yake. Benki na benchi wamenyonya ziwa moja, na Kiitaliano cha "benchi lililovunjika" ndicho kilichowapa Waingereza neno lao la kufilisika. Mimi sikushangaa. Niliwahi kwenda kuomba mkopo benki moja mjini, na ninachokumbuka vizuri ni benchi. Benki yenyewe niliiona dakika za mwishomwisho, niliposogezwa dirishani nikaambiwa nirudi na barua ya mtendaji wa kijiji.

Na wangenipa mkopo huo, wangetaka rehani. Rehani tumeitoa Kiarabu, neno lenye ustaarabu wake. Waingereza rehani ya nyumba wanaiita mortgage, neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya rehani ya mauti. Hapo nawasifu kwa ukweli. Fomu ingekuwa na kichwa cha habari REHANI YA MAUTI, nadhani wengi tungeanza kuisoma kabla ya kutia dole gumba.

Nimekaa na kitabu hiki hadi nimefikia jambo ambalo wasomi wetu hawataki kulisikia. Neno la Kiingereza linaonekana kubwa kwa sababu hatuoni ndani yake. Ukilivua koti unakuta vyombo vya nyumbani. Kila mwezi Juni, redio inapotuambia bajeti inasomwa bungeni Dodoma, tunanyamaza kwa heshima, sauti inapandishwa, watoto wanafukuzwa nje. Bajeti ni Kifaransa cha kale cha kimfuko cha ngozi. Basi! Kimfuko. Kampuni ni watu wanaokula mkate pamoja; ndivyo Kilatini chake kinavyosema, mtu na mwenzake wa mkate. Minister, ambaye sisi tunamwita waziri na kumsimamia pembeni ya barabara tukiwa na bendera, kwa Kilatini ni mtumishi, na ndani ya jina lake kuna neno la udogo. Kilatini hakikujua kwamba siku moja mtumishi atakuwa na msafara wa magari.

Salary, ambayo watumishi wa hapa huitamka wakitaka kuniaminisha kwamba tarehe za mwisho wa mwezi zitafika, imetoka kwenye Kilatini cha chumvi. Mshahara wetu umetoka Kiarabu cha mwezi, maana hulipwa kwa mwezi. Nimewaza sana ni lipi linasema kweli zaidi. Kwa yule mwalimu wangu, mwezi ulikuwa mrefu na mshahara ulitosha chumvi. Yote mawili yalimwelekea yeye.

Lakini mwambie mtu wa Majimoto kishikwambi, uone atakavyocheka. Mwaka 2022, wakati wa sensa, makarani walipita na vishikwambi vyao, na kila baraza lilijaa vicheko: eti kishikwambi, jamani Kiswahili kinatafuta nini! Semeni tableti. Nikaenda kwenye kamusi ya rehani. Tableti ni Kifaransa cha "kimeza", meza ndogo. Wanaocheka kishikwambi wanajivunia kimeza. Mtu anasimama mbele ya watu na kusema "nimeiona kwenye kimeza changu" na hakuna anayecheka, kwa sababu kimesemwa kwa lugha ambayo hakuna anayeona ndani yake.

Mji wetu wenyewe umeteseka kwa sababu hiyo. Unaitwa Majimoto kwa sababu ya chemchemi zake za maji ya moto. Maji, moto. Mtoto wa chekechea anaelewa. Kijana mmoja aliyerudi kutoka Dar es Salaam aliniambia jina hilo halina mvuto wa kiutalii, lingekuwa la Kiingereza tungekuwa mbali. Nikamuuliza anajua Waingereza wanauitaje mji wao maarufu wenye maji ya moto, ule ambao Warumi walijenga mabwawa ya kuogea karibu miaka 2,000 iliyopita na ambao UNESCO iliuweka kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1987. Hakujua. Wanauita Bath. Bafu, mwanangu! Mji mzima, wenye chuo kikuu na kanisa la kale, unaitwa Bafu, na wakazi wake wanatembea vifua mbele. Sisi wa Majimoto tunainamisha vichwa.

Sasa nigeukie madeni, maana hapo ndipo penye moto wangu. Mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka Uingereza, na tangu hapo Kiingereza kimekula Kifaransa bila kuangalia bei. Mwingereza aliyechunga ng'ombe aliendelea kumwita cow, kwa lugha ya mama yake. Nyama ilipofika mezani kwa bwana mkubwa, ikaitwa beef, kwa Kifaransa cha mlaji. Wafugaji wa Kisukuma waliohamia bonde hili la Rukwa na makundi yao wangecheka. Wao ng'ombe ni ng'ombe, akiwa malishoni na akiwa sufuriani, na mwenye kumchunga ndiye mwenye kumla.

Kuhusu mpunga, hapo nasimama kabisa. Majimoto tunalima mpunga. Ukiwa shambani na kwenye ganda lake ni mpunga. Ukitoka mashine ya kukoboa ni mchele. Ukiiva ni wali, na kwenye shughuli ni ubwabwa. Kila hatua ina jina, kila jina lina bei. Mwingereza akifika hapa, mchele ni rice, wali ni rice. Hata hilo rice si lake. Limetoka Ugiriki, likapita Roma, Italia na Ufaransa kabla ya kumfikia. Na ule mpunga wa kwenye ganda anauita paddy, neno alilochukua kwa Wamalay. Lugha ya dunia nzima imefika kwenye wali ikiwa mikono mitupu, halafu mtu aliyezaliwa katikati ya majaruba ananiambia, "Mzee, nipimie raisi kilo mbili." Siku ya kwanza nilidhani anazungumzia Ikulu.

Orodha ni ndefu. Sukari: Waarabu waliipata njia ya Uajemi na India, sisi tukaichukua kwao, Waingereza wakaichukua kwa mzunguko wa Italia na Ufaransa wakaita sugar. Kahawa: nayo sote tumeitoa Kiarabu, kila mmoja kwa njia yake. Musimu, ule upepo uliosukuma majahazi kati yetu na Uarabuni, wao wakaupata kwa mikono ya Wareno wakauita monsoon. Taarifa yetu na tariff yao, yaani orodha ya ushuru, zina mzizi mmoja wa Kiarabu. Mkulima wa mpunga anayesimamishwa na gunia lake kwenye kizuizi cha ushuru wa mazao anaelewa undugu huo vizuri: taarifa hakuipata, tariff imempata.

Lililonichekesha kuliko yote ni sifuri. Waarabu waliita sifr, kitu kitupu. Sisi tukalichukua moja kwa moja. Ulaya lilipitia Kilatini, ambako Leonardo wa Pisa, tunayemfahamu kwa jina la Fibonacci, aliliandika kwenye kitabu chake cha hesabu mwaka 1202. Waitaliano wakalifinyanga likawa zero. Basi jirani yangu ana kijana aliyemaliza kidato cha nne. Nilipouliza matokeo, baba yake akanijibu kwa kujikaza, "Kapata divisheni ziro, mzee." Alilisema kwa namna ya kulificha, akiamini ziro ina nafuu kuliko sifuri. Nikamwambia ni kitu kilekile, mmoja amepitia Mombasa na mwingine Italia. Hatujasalimiana vizuri tangu siku hiyo, na deni lake limebaki palepale. Hilo si sifuri.

Kuna kijana wa bodaboda ambaye kila akipewa soda husema, "Duka lako naisi sana, mzee." Nikafungua kamusi. Nice imetoka Kilatini cha asiyejua kitu, na ilipoingia Kiingereza, miaka 700 hivi iliyopita, ilikuwa na maana ya mpumbavu. Nikamwomba asilisifie tena duka langu. Akajibu, "Oke." Nikafungua tena. Oke ilichapishwa mwaka 1839 katika gazeti moja la Boston, Marekani, kwa mzaha wa waandishi waliokuwa wakifupisha maneno kwa herufi zilizokosewa makusudi: all correct wakaiandika oll korrect, wakafupisha O.K. Ndugu msomaji, mimi shuleni nilichapwa viboko kwa kukosea herufi moja. Wenzetu wakakosea mbili, kwa makusudi, gazetini, na dunia nzima ikaitikia.

Huyo kijana anaitwa wa bodaboda kwa sababu mpakani mwa Kenya na Uganda, kule Busia na Malaba, waendesha baiskeli walibeba watu kutoka boda hii hadi boda ile. Nchi yetu haikuwamo kwenye boda hizo, lakini leo hata anayekupeleka kutoka sokoni hadi zahanati anavuka boda. Daladala nayo ilitokana na sarafu ya shilingi tano, watu walioiita dala, nauli ya enzi hizo. Dala ni dollar, na dollar ni thaler, sarafu ya fedha iliyofuliwa karne ya 16 huko Joachimsthal, sehemu ambayo leo iko Jamhuri ya Czech. Thal ni bonde. Kwa hiyo konda wa Mbagala anayeninyanyasa kila nikienda Dar es Salaam, akinicheka lafudhi kwamba mimi ni mtu wa bondeni Rukwa, anafanya kazi kwenye gari lililoitwa kwa jina la bonde.

Nimesema Kiingereza kinadaiwa. Sasa nitaje kilichochukua kwetu. Safari. Richard Burton, aliyefika Ujiji Februari 1858 baada ya kupita Tabora, alikuwa miongoni mwa waliolibeba neno hilo hadi kwenye vitabu vya kwao. Tangu hapo limeharibika. Kwetu safari ni mimi kwenda Mpanda kufuata bidhaa: Mbede, Usevya, Kibaoni, kisha kukatisha hifadhi hadi Sitalike, nimebanwa kati ya gunia na kuku wa mtu. Kwa Kiingereza safari ni mgeni kukaa kwenye gari la wazi akiwatazama wanyama. Wote wawili tunapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyotangazwa mwaka 1974. Wote wawili tuko safarini. Tofauti ni kwamba tukimwona kiboko, yeye anaomba gari lizimwe, mimi naomba lisizime.

Na kiboko mwenyewe! Mgeni akimwona anatamka hippopotamus, neno refu lenye kutisha, na watoto wetu wanaona hiyo ndiyo elimu. Ni Kigiriki cha farasi wa mtoni. Farasi! Nenda Mto Katuma wakati wa kiangazi, maji yakiwa yamebaki matope, viboko wamelaliana kwa mamia wakikoroma na kunyeana, kisha unionyeshe farasi ni yupi. Sisi tulimwita kiboko, na ngozi yake tukaifanyia fimbo ya jina hilohilo. Fimbo hiyo mwili wangu unaikumbuka.

Kuna waliochukua na kusajili kabisa. Mwaka ilipotoka filamu ya The Lion King, 1994, kampuni ya Disney iliomba huko Marekani kusajili "hakuna matata" iwe alama yake ya biashara kwenye mavazi, na usajili ukakamilika 2003. Mwaka 2018 watu wengi walitia saini kulalamika. Nimewaza: mtu aingie dukani, achukue sukari bila kulipa, kisha aiandikie jina lake kwenye mfuko. Kwa upande mwingine yuko Leslie Scott, Mwingereza aliyekulia Afrika Mashariki, aliyeupeleka mchezo wa vijiti vya mbao kwenye maonyesho ya London mwaka 1983 na kuuita Jenga. Huyu sina ugomvi naye, hajaficha alikolitoa. Swali langu ni dogo tu: mchezo wote ni kuchomoa vipande hadi mnara uanguke. Mama, umeuita Jenga, mbona kazi yake ni kubomoa?

Mwenye haki lazima afungue na ukurasa wa pili, wa madeni yetu. Kiswahili kikichukua, kinachukua kwa namna ambayo mwenye mali hatamtambua mtoto wake. Waingereza walibandika barabarani kibao cha kuwaamuru madereva wakae kushoto, keep left. Sisi tukaona mzunguko wa barabara, tukauita kiplefti. Na kwa kuwa neno limeanza na ki, tukalitia kwenye ngeli pamoja na kiti na kisu: kiplefti kimoja, viplefti viwili. Mudguard ya baiskeli ikawa madigadi, na fundi akiona limeng'oka moja tu anakuuliza, "Digadi lako liko wapi?" Mwingereza angetafuta hiyo "ma" yake hadi kesho asiipate.

Kisha nikafanya kosa ambalo mwenye duka hapaswi kulifanya usiku: nilihesabu mali yangu. Duka, neno hilo lilikuja na wafanyabiashara wa Kiarabu na Kihindi. Bei, hesabu, deni, rehani, za Waarabu. Meza ya kuuzia, Mreno. Pesa, Mhindi. Hela, Mjerumani, ni Heller, sarafu ndogo aliyoianzisha kwenye koloni lake mwaka 1904. Daftari la madeni, hilo nililolitetea hadi nikagombana na majirani, lina asili ya Kigiriki cha ngozi ya mnyama, ngozi waliyoiandikia, na Kiingereza kilitumia neno hilohilo la ngozi kuuita ugonjwa wa dondakoo. Nimekaa miaka yote hii kwenye duka la watu, nauza bidhaa za watu kwa hesabu za watu, naandika kwenye ngozi ya watu. Mama watoto aliponiuliza chetu ni kipi humu ndani, nilimwonyesha chumvi.

Hata hivyo nimepata hoja ya kuwarudishia wataalamu. Waarabu walipotupa neno sukari, wao walibaki nalo lote. Waingereza walipochukua safari, mimi bado nasafiri. Neno ukilichukua halipungui kwa mwenyewe. Sukari yangu ukiichukua kilo mbili, gunia linapungua kilo mbili, na mimi napungua pamoja nalo. Kwa hiyo naomba wataalamu watafute jina jingine na waache kuuharibia sifa mkopo wa kweli. Wahenga walisema kukopa harusi kulipa matanga. Hakuna aliyewahi kufanyiwa matanga kwa sababu ya neno soksi.

Na kwa wale vijana wangu wa "likitiki nakucheki", nina habari moja ambayo imenipa usingizi mzuri kuliko kurasa zote za kamusi ya rehani. Nilitaka kujua kukopa tumekutoa wapi. Nilikuwa tayari kwa Mwarabu, Mreno, Mhindi, hata Mjerumani. Hakuna. Kukopa ni Kibantu chetu cha asili. Hatukuhitaji kukopa neno la kukopa. Nikamgeukia mwenzake, kulipa. Naye ni wa kwetu, Kibantu kitupu, tulikuwa naye kabla ya jahazi la kwanza na kabla ya Mzungu wa kwanza. Kwa hiyo yeyote ambaye jina lake liko kwenye daftari langu, mpunga ukishaanikwa, asije kuniambia kwa lugha yoyote kwamba hilo neno halijui.